Hesabuni Madume, Msihesabu Vichwa

Mwaka 1913, katika jimbo la Friesland kaskazini mwa Uholanzi, farasi weusi waliokuwa fahari ya wakulima wa huko walikuwa wamebakiwa na madume watatu tu walioidhinishwa kuzalisha: Prins, Alva na Friso. Wakulima walikuwa wamehamia kwa farasi wazito zaidi wa kuvuta plau, na mweusi huyu mwenye mwendo wa madaha akaonekana ni anasa. Kikundi cha wafugaji kikachanga fedha, kikanunua madume wachanga wenye sifa, kikawalea, na ukoo ukanusurika. Leo farasi wa Friesland yuko kwenye filamu, kwenye mashindano ya kuvuta magari na kwenye mazizi ya Ulaya, Marekani na Ghuba. Idadi yao imefika makumi ya maelfu.

Kwa hesabu ya vichwa, mambo yameisha vizuri. Lakini muulize daktari wa mifugo anayewahudumia. Atakueleza kuhusu watoto wanaozaliwa wakiwa wamekufa, vichwa vimejaa maji na kuvimba kiasi cha kuhatarisha maisha ya mama wakati wa kuzaa. Atakueleza kuhusu mbilikimo, mwenye kichwa na mgongo wa farasi mzima lakini miguu na mbavu fupi. Wapo wanaopasuka mshipa mkuu wa moyo, na wapo ambao umio wao hutanuka na kushindwa kusukuma chakula. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya majike waliozaa salama walichelewa kutoa kondo la nyuma. Ukoo huu haumo tena hatarini kwa idadi, ila ndani ya miili ya farasi hao mwaka 1913 haujaisha.

Koo nyingi za farasi zilizo hatarini zinatazamwa kwa kipimo kimoja tu: wamebaki wangapi? Swali hilo lina maana, ila halitoshi, na mara nyingine linapotosha. Linaloamua hatima ya ukoo mdogo ni wangapi kati ya waliobaki wanaopewa nafasi ya kuzaa, hasa upande wa madume. Na hilo haliletwi na maumbile, bali huamuliwa na watu.

Tuanze na jinsi madhara yanavyotokea. Kila mnyama ana nakala mbili za takriban kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Jeni mbovu inaweza kukaa vizazi na vizazi bila kumdhuru aliyeibeba, maadamu nakala yake ya pili ni nzima. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji mfano wa mbali: seli mundu hufuata njia hiyohiyo. Baba mzima na mama mzima, kila mmoja akibeba nakala moja bila kujua, wanaweza kupata mtoto mgonjwa, na kwa kila mimba uwezekano ni mmoja kati ya minne. Wazazi wakiwa ndugu, uwezekano wa wote wawili kubeba nakala ileile kutoka kwa babu yuleyule unapanda. Mwaka 1922 mwanasayansi wa Marekani Sewall Wright alitoa njia ya kuupima undugu huo. Mtoto wa binamu wa kwanza ana asilimia 6.25 ya uwezekano wa kurithi, katika sehemu yoyote ya vinasaba vyake, nakala mbili zilizotoka kwa mzee mmoja. Mtoto wa ndugu waliochangia baba tu ana asilimia 12.5. Mtoto wa baba na binti yake ana asilimia 25.

Magonjwa ya namna hii hutisha kwa sababu yanaonekana. Yapo madhara mengine ya kimyakimya: majike wanaoshika mimba kwa shida, madume wenye mbegu hafifu, watoto wanaokosa nguvu wiki za kwanza, kinga inayolegea. Hakuna jeni moja ya kulaumiwa hapo. Ni hitilafu nyingi ndogondogo zilizokutana.

Tofauti moja muhimu husahaulika hata na wafugaji wazoefu. Kuzalisha ndugu kwa ndugu ni kosa linalorekebishika. Farasi aliyetokana na baba na binti, akipandishwa na asiye ndugu yake, mtoto wake anaanza upya. Kupotea kwa aina za jeni katika ukoo mzima ni jambo jingine kabisa. Jeni iliyokuwa kwa dume aliyekufa bila mtoto hairudi kwa kuchagua wachumba vizuri. Kwa hiyo chama cha wafugaji kinaweza kukwepa ndoa za ndugu kila mwaka kwa uangalifu mkubwa, huku hazina yake ikipungua.

Kiasi cha kupungua kinakadirika kwa hesabu nyepesi. Chukua ukoo wenye majike 200 na madume 5. Zidisha madume kwa majike, zidisha tena kwa nne, kisha gawa kwa jumla ya wote. Utapata kama 20. Maana yake ni kwamba farasi hao 205, kwa upande wa vinasaba, wanapoteza utofauti kwa kasi ya kundi la farasi 20 tu wanaozaana bila upendeleo. Undugu unapanda kwa takriban asilimia 2.5 kila kizazi. Sasa ongeza majike 100. Jibu halisogei, bado ni kama 20. Lakini rudi kwenye majike 200 na uongeze madume watano tu, wawe 10: jibu linaruka hadi 38. Wakiwa 15 linapita 55. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linatumia 50 kama kiwango cha chini ambacho ukoo usishuke, ili undugu usipande zaidi ya asilimia moja kwa kizazi. Madume kumi wa ziada, basi, wanaleta kile ambacho majike mia hawawezi kukileta. Na hesabu hii ni ya upole, kwa kuwa inachukulia kwamba kila dume anapata sehemu sawa ya majike. Katika hali halisi, dume aliyeshinda tuzo hupata majike wengi na wenzake huambulia wawili watatu.

Mfugaji wa Tanga au Nakuru anaijua hatari ya undugu kwa vitendo. Afisa mifugo amemwambia mara nyingi kwamba dume asiachwe akawapanda binti zake, abadilishwe, ikibidi kwa kupokezana na jirani. Ushauri huo unafanya kazi kwa sababu dume wa jirani si ndugu. Katika ukoo adimu, dume wa jirani ni mtoto wa baba yuleyule.

Ni vipi farasi, mnyama aliyesambaa dunia nzima, alifikia hapo? Watafiti walioongozwa na Ludovic Orlando wa Toulouse, Ufaransa, walichambua vinasaba vya mifupa ya kale ya farasi na kuchapisha matokeo mwaka 2019. Walionyesha kwamba utofauti wa farasi wa kufugwa ulidumu kwa maelfu ya miaka, kisha ukashuka katika karne mbili tatu za mwisho. Hicho ndicho kipindi cha vitabu vya nasaba. Kitabu cha farasi wa mbio wa Uingereza kilitoka mwaka 1791, na karne ya 19 kila wilaya ya Ulaya ikataka ukoo wake, wenye rangi yake na kitabu chake kilichofungwa. Kufunga kitabu maana yake ni hii: asiyetokana na walioandikwa hawezi kuingia kamwe. Ndani ya uzio huo watu wakachagua madume bora, na bora wa bora, hadi nasaba za kiume zikabaki chache. Wote wa Suffolk Punch, farasi wekundu wa kulimia mashariki mwa Uingereza, wanarudi upande wa baba kwa dume mmoja aliyezaliwa mwaka 1768, Crisp's Horse of Ufford.

Halafu zikaja vita, na baada ya vita trekta. Farasi waliokuwa wakilima na kuvuta mizigo wakapoteza kazi ndani ya kizazi kimoja cha wakulima. Mwaka 1966 watoto tisa tu wa Suffolk Punch walisajiliwa. Kwa Cleveland Bay wa Yorkshire, farasi wa magari ya heshima, mwanzoni mwa miaka ya 1960 madume safi nchini Uingereza walihesabika kwa vidole. Mwaka 1962 Malkia Elizabeth II alimnunua Mulgrave Supreme, dume aliyekuwa karibu kuuzwa Marekani, akaruhusu wafugaji wampandishie majike wao. Bila tendo hilo pengine leo tungekuwa tunamzungumzia Cleveland Bay kwa picha tu. Ila uokozi wa aina hii una gharama yake. Dume maarufu akisambazwa kwa kila jike anayepatikana, mwaka wa kumi chama kinajikuta na kizazi kizima cha watoto wa baba mmoja. Hatua ya kwanza inaokoa idadi, na ya pili, ya kuwatafuta madume wasio maarufu mashambani na kuwapa majike hata kama shingo zao si nzuri, ndiyo inayookoa vinasaba. Hatua hii haipigiwi makofi na mtu, na ndiyo maana hucheleweshwa.

Uhimilishaji umezidisha tatizo pale ulipotumiwa bila mpaka. Zamani dume alikuwa na kikomo cha mwili wake na umbali wa barabara. Sasa mbegu yake inasafiri kwa ndege. Teknolojia hiyohiyo ingeweza kupeleka mbegu ya dume asiyejulikana wa bonde moja kwa jike wa bara jingine. Inategemea nani anaagiza na kwa sababu gani.

Hapo ndipo vipimo vya vinasaba vilipoingia, na pamoja navyo kishawishi kipya. Kisa cha farasi wadogo wa Fell, wanaoishi kwenye milima ya Cumbria kaskazini mwa Uingereza, kinafundisha kuliko vyote. Katika miaka ya 1990 wafugaji walianza kuripoti watoto waliozaliwa wazima, wakanyonya, wakacheza, kisha baada ya wiki mbili tatu wakaanza kudhoofika. Kuhara, kikohozi, fizi nyeupe kwa kukosa damu. Dawa ziliwachelewesha tu. Wote walikufa kabla ya kutimiza miezi mitatu, kwa sababu miili yao haikutengeneza seli za kinga wala chembe za damu za kutosha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool na wenzao wakaibaini jeni, na kufikia mwaka 2010 kipimo kikapatikana. Majibu yalishtua: karibu farasi wanne kati ya kumi wa Fell walikuwa wabebaji.

Mtu mwenye hasira ya kuzika watoto wa farasi kila majira ya kuchipua angesema: ondoa wabebaji wote. Kufanya hivyo kungekuwa kuutupa karibu asilimia 40 ya ukoo uliokuwa tayari mdogo, pamoja na maelfu ya jeni nzuri ambazo wabebaji hao walikuwa nazo. Na madume wachache waliopimwa wakaonekana safi wangepandishwa kwa kila jike, nao bila shaka wana jeni zao mbovu ambazo bado hazijapewa jina. Baada ya miaka ishirini ugonjwa mpya ungetokea. Njia sahihi ni ya subira. Mbebaji hupandishwa na asiye mbebaji. Hakuna mtoto mgonjwa atakayezaliwa, nusu ya watoto watakuwa safi, na polepole wafugaji huchagua hao safi bila kupoteza nasaba hata moja. Farasi wa Friesland sasa wanafuata kanuni hiyohiyo: jeni za ubilikimo na za maji kichwani zimejulikana tangu miaka ya 2010, madume hupimwa, na jambo linalokatazwa na busara ni kukutanisha wabebaji wawili.

Ndugu zetu wa Oman na Ghuba wanaofuga farasi wa Kiarabu wanahusika moja kwa moja. Ukoo huo si adimu, lakini una ugonjwa wake wa kukosa kinga, ambao huua watoto kabla ya kutimiza miezi sita au karibu yake. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 1997 na kipimo kipo. Jambo la kutia moyo ni kwamba uchunguzi mpana wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta utofauti mkubwa zaidi kwa farasi wengi wa Mashariki ya Kati kuliko kwa nasaba zinazosifiwa kwa usafi huko Magharibi. Anayenunua dume wa gharama kutoka Ulaya au Marekani ili kuboresha zizi lake ajue kwamba huenda tajiri wa vinasaba ni yule aliyekwisha kuwa naye nyumbani.

Neno usafi ndilo lililokaribia kumwangamiza farasi wa Przewalski, ambaye Wamongolia humwita takhi. Huyu ni farasi wa mwituni mwenye kromosomu 66 badala ya 64 za farasi wa kufugwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 wafanyabiashara wa wanyama walikamata watoto wake na kuwauza Ulaya. Porini walipungua hadi wa mwisho akaonekana katika Gobi mwaka 1969. Waliobaki wote walikuwa nyuma ya uzio. Vita vya pili vya dunia vilipoisha walikuwa 31, na si wote walioacha uzao. Farasi wote wa Przewalski walio hai leo wanatokana na 12 waliotoka porini, pamoja na jike mmoja wa kufugwa wa Kimongolia aliyepandishwa mjini Halle, Ujerumani, mtoto wake akazaliwa mwaka 1906. Mmoja wa hao 12, jike aitwaye Orlitza III, alikamatwa mwaka 1947 na kupelekwa Askania Nova, Ukraine. Alikuwa wa mwisho kuleta damu mpya kutoka porini.

Kwa miongo kadhaa bustani za wanyama ziligawanyika. Prague ilikuwa na uzao wenye damu ya jike yule wa Halle. Munich ilijitahidi kuikwepa damu hiyo kwa kuiona ni doa, na ikazidi kuzalisha kundi dogo ndani kwa ndani. Kila bustani ililinda farasi wake. Matokeo yakaonekana kwenye daftari: vifo vya watoto viliongezeka na maisha yakafupika kadiri undugu ulivyopanda. Ndipo mwaka 1977 Jan na Inge Bouman wa Rotterdam walipoanzisha taasisi ya kuwahifadhi farasi hao, wakaingiza kumbukumbu za nasaba kwenye kompyuta, na kuanza kuwashawishi wakurugenzi wabadilishane madume kufuata hesabu, si heshima ya bustani. Mwaka 1992 farasi wa kwanza walirudishwa Mongolia. Mwaka 2011 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilipunguza kiwango cha hatari walichomo. Wamepita 2,000 duniani. Doa la Halle halikuwaua. Kukosa kubadilishana kungewaua.

Hatua ya karibuni inatoka kwenye jokofu. Mwaka 1980 bustani ya wanyama ya San Diego iligandisha seli za dume aitwaye Kuporovic, aliyebeba jeni ambazo wenzake walikuwa wamezipoteza. Tarehe 6 Agosti 2020, jike wa kufugwa alizaa nakala yake huko Texas, akaitwa Kurt. Mwaka 2023 akazaliwa wa pili, Ollie. Wapo wanaouchukulia mradi huu kama maonyesho ya maabara. Mimi nauona ni ushahidi wa thamani ya kuhifadhi mapema, kwa maana seli zile ziligandishwa miaka 40 kabla ya mtu yeyote kuweza kuzitumia hivyo. Hata hivyo Kurt atakuwa na maana pale tu watoto wake watakapoenea kundini. Nakala bila uzao ni kumbukumbu tu.

Kuna pingamizi linalostahili jibu. Ng'ombe weupe wa Chillingham, kaskazini mwa Uingereza, wamefungiwa bustanini kwa karne nyingi, na baridi ya 1947 iliwaacha 13. Vinasaba vyao vinakaribia kufanana kabisa, na bado wanazaa. Je, si kweli kwamba kizazi baada ya kizazi jeni mbovu hujisafisha zenyewe? Hutokea. Ila tunawaona Chillingham kwa sababu walipona. Makundi yaliyojaribu njia hiyo yakafa hayana mtu wa kuyatolea mfano. Na wengi wa ng'ombe hao wanaishi mahali pamoja, kwa hali ya hewa ileile. Ugonjwa mgeni ukiingia, kundi lisilo na tofauti lina jibu moja tu la kutoa, na jibu hilo laweza kuwa siyo.

Je, vitabu vya nasaba vilivyofungwa vifunguliwe? Naamini pale ambapo hesabu ya madume inashindwa kufika kiwango, ndiyo, kwa utaratibu na kwa uwazi. Jike wa nje ya ukoo hupandwa na dume safi, binti yake tena, na wa tatu tena. Mtoto anayezaliwa hapo ana takriban asilimia 87.5 ya damu ya ukoo, na amekuja na jeni ambazo ukoo haukuwa nazo. Wanaosema hapo ukoo umekufa wasisahau kwamba kila ukoo ulianza kwa kuchanganya. Hata kwetu ng'ombe wa Mpwapwa, aliyetengenezwa katika kituo cha utafiti huko Dodoma kwa kuchanganya damu za Red Sindhi, Sahiwal, zebu wa hapa na kiasi kidogo cha damu ya Ulaya, alikuwa ukoo kamili kwa sababu watu walipanga hivyo. Leo naye wamebaki wachache, na hesabu ya madume inamhusu kama inavyomhusu Cleveland Bay.

Kila mwaka madume wadogo wa koo adimu wanahasiwa kwa sababu farasi aliyehasiwa ni mtulivu na anauzika kama farasi wa kupandwa na watu. Wengi wao hawajawahi kupimwa vinasaba, na hakuna aliyeuliza kama nasaba zao zina dume mwingine. Kuchukua mbegu na kuigandisha kabla ya kisu ni kazi ndogo ikilinganishwa na ile iliyomzaa Kurt. Vyama vya wafugaji, vituo vya utafiti na serikali zinazotoa ruzuku kwa koo adimu, anzeni kudai hilo: dume wa nasaba adimu asihasiwe hadi mbegu yake iwe imehifadhiwa.